Mauti Hayabatilishi Kazi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba mauti na uhai, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila mwenye kufuata mwendo wao. Ama baada ya hayo:

Ndugu Waislamu, miongoni mwa maswali yaletwayo katika darsa zetu, liko moja ambalo vijana huliuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba wachelea kuambiwa kuwa imani yao ni dhaifu. Swali lenyewe ni hili: Ikiwa sote tutakufa, wala hapana ajuaye siku yake, basi kuna faida gani mtu kujitaabisha? Mkulima alima, mwashi ajenga, mwanafunzi akesha na kitabu chake, kisha huja siku moja wote hao wakabebwa katika jeneza, na jembe na mwiko na kitabu vikabaki nyuma. Je, si afadhali mtu atosheke na riziki ya siku yake, aswali swala zake, akae akingoje kilichoandikwa?

Swali hili si la kukaripiwa. Amwambiaye kijana anyamaze amtie khofu tu, wala hakumjibu. Na asiyejibiwa hubaki na shaka yake moyoni, ikamla kama mchwa alavyo boriti, nyumba kwa nje ikaonekana nzima. Tena swali hili lina matunda katika mwenendo wetu. Ndilo liliomo ndani ya mashamba yaliyoachwa yakawa vichaka, na ndani ya vyuo vilivyoanzwa visimalizwe. Yafaa basi tulikabili.

Jibu la kwanza ambalo watu hulitoa ni kwamba wewe utakufa, lakini kazi yako itasalia. Neno hili lina ukweli mkubwa. Imepokewa katika Sahihi ya Imam Muslim, kwa Abu Huraira, kwamba mwanadamu akifa amali yake hukatika isipokuwa kwa njia tatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha watu, na mtoto mwema mwenye kumwombea mzazi wake. Hapana Muislamu awezaye kulidharau jambo hili. Lakini wako watu walitwaao jibu hili wakaligeuza. Wao hawakusudii thawabu iendeleayo kwa Mola, bali wakusudia jina liendeleao kwa watu. Wataka isemwe, "Hii ni nyumba ya fulani," na "Huu ni msikiti wa fulani." Na kwa watu hawa jibu hilo halitoshi, kwani si mfanyaji peke yake afaye; na kilichofanywa nacho hufa.

Mwenye kutaka ushahidi na aende Gedi, karibu na Malindi. Huko palikuwa na mji wa Waislamu, wenye msikiti wa Ijumaa, na jumba la mfalme, na nyumba za mawe, na visima vilivyochimbwa kwa taabu, na vyombo vya kauri vilivyoletwa kutoka Uchina kwa kuvuka bahari. Mji ule ulihamwa katika karne ya 17. Mibuyu na miti ya mwitu imeota ndani ya vyumba, na kima warukaruka juu ya kuta. Ni nani leo amjuaye mwashi aliyeichonga mihrabu ile? Ni nani ajuaye jina la mchimba kisima? Wala Gedi si peke yake. Takwa na Shanga, katika visiwa vya upande wa Lamu, ni vivyo hivyo. Basi mwenye kuitegemea kazi yake impe uzima wa milele, ameegemea ukuta ambao nao waelekea kuanguka. Kama maana ya kazi ni kubaki kwake tu, basi hapana kazi yenye maana, kwa kuwa hapana kazi ibakiayo.

Hapa ndipo dini yetu inapotupa jibu la pili, lenye kina zaidi. Imam Ahmad, na Imam Bukhari katika kitabu chake cha Adab, wamepokea kwa Anas bin Malik kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliagiza kuwa Kiyama kikisimama hali mmoja wetu ana mche wa mtende mkononi, akiweza kuupanda kabla hakijamfikia, na aupande. Ndugu msomaji, lifikiri jambo hili polepole. Sote twajua kupanda mnazi ni kungoja. Mnazi wetu wa kienyeji hauzai ila baada ya miaka sita au saba, na mwenye kuupanda akiwa mzee husema kwamba awapandia wajukuu. Hilo twalifahamu. Lakini katika agizo hili hapana wajukuu. Hapana mvuno, wala soko, wala kivuli, wala jirani atakayesema "fulani alipanda." Dunia yote yakunjwa. Kila faida ambayo kwa desturi huitwa sababu ya kupanda imeondolewa, na hata hivyo amri ya kupanda imebaki.

Latufunza nini hili? Latufunza kwamba maana ya kazi haikuwekwa katika tunda peke yake. Tunda ni neema, na kulitaka si kosa. Lakini liko jambo lililo kabla ya tunda, nalo ni mja kusimama mahali alipowekwa na Mola wake, akafanya lililo jema kwa kadiri ya uwezo aliopewa, katika saa aliyopewa. Mwenyezi Mungu hakutukalifisha matokeo, ametukalifisha juhudi. Mkulima hana mamlaka juu ya mvua, wala mvuvi juu ya samaki, wala mwalimu juu ya moyo wa mwanafunzi. Nabii Nuhu, amani imshukie, aliwalingania watu wake miaka elfu isipokuwa hamsini, na waliomwamini walikuwa wachache. Nani athubutuye kusema kwamba kazi yake ilipotea bure? Kama haikupotea, basi ni kwa kuwa kazi ina mwenye kuipokea asiyekuwa mwanadamu, na daftari isiyoliwa na mchwa.

Kwa ajili hiyo mwashi wa Gedi hakupotea. Jina lake limepotea kwetu sisi. Na sisi tu nani hata kupotea kwetu kuwe ni kupotea? Akiwa aliichonga mihrabu ile kwa uaminifu, bila ya kumwibia mwenye mali wala kulipua kazi, basi kazi yake ilifika siku ile ile alipoimaliza, kabla jiwe halijakauka chokaa.

Twaweza kuongeza jambo jingine. Katika mwanzo wa Surat al-Mulk, Mwenyezi Mungu ameyataja mauti kabla ya uhai, na ameeleza kwamba ameviumba viwili hivyo ili kutujaribu ni nani miongoni mwetu mwenye amali iliyo njema zaidi. Maulamaa wamezindua kwamba hapa hakukutajwa wingi wa amali, bali uzuri wake. Basi mauti hayakutajwa kama ajali iliyokuja kuiharibu kazi. Yametajwa kama sehemu ya mpango ambao kazi ni shabaha yake. Fikiri lau kama mtu angeishi pasina mwisho. Angekuwa na sababu gani ya kumfundisha mwanawe leo, hali kesho hazina idadi? Angekuwa na haja gani ya kumlipa mdai wake mwaka huu, au kumpatanisha ndugu aliyegombana naye? Kila jambo lingeahirishwa, wala kuahirishwa kusingekuwa hasara. Ni kwa kuwa siku zetu ni za kuhesabiwa ndipo saa moja ikawa na thamani, na kuitoa saa hiyo kwa jambo jema kukawa ni sadaka ya kweli. Asiyekuwa na mwisho hana cha kutoa, kwani hapungukiwi.

Wako watu wa namna mbili waliokosea katika mlango huu, na kila mmoja alitumia mauti vibaya.

Wa kwanza ni yule aliyeyafanya mauti kuwa udhuru wa uvivu. Yeye husema, "Dunia ni mapito," akalala. Neno lake ni kweli na kitendo chake ni uongo, kwani msafiri apitaye njiani ndiye mwenye haja ya kutembea; mwenye kukaa kitako si mpita njia. Yasimuliwa kwamba Sayyidna Umar, Mwenyezi Mungu amwie radhi, aliwakemea watu waliokaa wakidai kwamba wao wamtegemea Mungu, akawakumbusha kuwa mbingu hainyeshi dhahabu wala fedha. Tena imo katika Sahihi ya Bukhari kwamba hapana chakula bora alacho mtu kuliko kile alicho­chuma kwa kazi ya mikono yake, na kwamba Nabii Daud, naye ni mfalme, alikuwa akila kwa kazi ya mikono yake. Wahenga wetu nao wamesema kwamba ajizi ni nyumba ya njaa. Na tuliongeze: si njaa ya tumbo tu, bali njaa ya elimu, na njaa ya heshima baina ya mataifa.

Wa pili ni kinyume cha wa kwanza. Huyu hufanya kazi ili ayasahau mauti. Dukani aingia kabla ya alfajiri na hutoka baada ya isha, akiambiwa swala, husema "baadaye", akiambiwa mwanawe ameacha chuo, husema "sina nafasi." Watu humsifu kwa bidii, na lau ungalimpekua moyo ungaliona kwamba bidii yake ni kukimbia. Aogopa kukaa kimya saa moja, asije akajiuliza aelekea wapi. Huyu hakupata maana katika kazi, amepata pazia. Na pazia hilo mauti hulipasua bila ya kubisha hodi. Kazi iliyo na maana haimfichi mtu mauti; humwezesha kuyatazama.

Na hapa yatupasa tuseme neno la uadilifu, ili maneno haya yasigeuzwe silaha mikononi mwa madhalimu. Ni jambo jepesi kwa aliyekaa kivulini kumhubiria hamali wa bandarini kwamba kazi yake ni ibada. Hamali huyo aweza kujibu: "Ibada yangu yakutajirisha wewe, na watoto wangu walala na njaa." Naye atakuwa na haki. Mtume wetu ameagiza mwajiriwa apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka, kama ilivyopokewa na Ibn Majah; na katika Bukhari imo kwamba Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa mshitaki, siku ya Kiyama, wa mtu aliyemwajiri mtu, akamtumikisha kazi kamili, kisha asimpe ujira wake. Wafanyakazi wa Mombasa walipogoma kwa maelfu, Januari 1947, hawakugoma kwa kuwa wachukia kazi. Waligoma kwa kuwa kazi yao ilifanywa kitu kisicho na thamani. Basi amwambiaye mfanyakazi atafute maana katika kazi yake, na amwambie mwajiri pia kwamba kuinyima kazi haki yake ni kushindana na Mola. Maana ya kazi haiwi badala ya mshahara.

Sasa tutazame watu waliotutangulia, tuone namna mauti yalivyowakuta kazini.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipofariki mwaka 11 H, jeshi alilolitayarisha chini ya Usama bin Zaid lilikuwa Jurf, nje ya Madina, halijaondoka. Dini ilikuwa imekwisha kamilika, lakini shughuli za umma zilikuwa bado zaendelea. Mauti hayakungoja jeshi liende na kurudi. Sahaba walishikwa na huzuni iliyotaka kuwatoa akili. Sayyidna Abu Bakr akawakumbusha kwamba Muhammad amekufa na Mwenyezi Mungu yu hai hafi. Kisha, juu ya shauri la wengi kwamba jeshi lile lizuiliwe kwa khofu ya makabila yaliyoasi, alilipeleka. Tazama mpango wa mambo: kwanza aliikubali hakika ya mauti waziwazi, kisha akaishika kazi iliyokatika.

Imam Nawawi, ambaye sisi wafuasi wa madhehebu ya Shafi twaisoma Minhaj yake, alifariki mwaka 676 H, umri wake kiasi cha miaka 45. Katika kazi alizoziacha ni Majmu, sharhe kubwa ya Muhadhab ya Shirazi. Alifika katika milango ya biashara na riba, mauti yakamchukua. Akaja Imam Taqiyuddin Subki, akaendelea alipoishia mwenzake; naye akafa mwaka 756 H, kazi bado. Haikukamilishwa mpaka karne ya 20, kwa mkono wa Sheikh Muhammad Najib al-Mutii wa Misri. Kitabu kimoja, na baina ya kalamu ya kwanza na ya mwisho ni karibu miaka mia saba.

Na tafsiri ya Jalalain, iliyosomwa katika darsa za pwani yetu vizazi kwa vizazi, jina lake lenyewe ni ushahidi. Jalaluddin al-Mahalli alianza Surat al-Kahf hata mwisho wa Qurani, akaifasiri na Fatiha, kisha akafa mwaka 864 H. Nusu iliyobaki, tangu Baqara hata Isra, iliandikwa na Jalaluddin as-Suyuti yapata miaka sita baadaye, naye ni kijana asiyetimiza miaka 25. Msomaji asiyeambiwa aghlabu hatambui mahali mkono wa mmoja ulipoachia na wa pili uliposhika.

Karibu zaidi na sisi, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Mwaka 1930 alitoa Sahifa, na mwaka 1932 akatoa Al-Islah, akiwazindua Waislamu wa pwani kwa lugha yao wenyewe waipende elimu na waache uzembe. Magazeti yale hayakudumu miaka mingi. Aliwahi kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937, na katika kazi alizozianza ni tafsiri ya Qurani kwa Kiswahili. Alifariki mwaka 1947 hajaimaliza. Sehemu ya Fatiha na Baqara ilikuja kuchapwa baada ya kufa kwake kwa zaidi ya miaka thelathini. Katika muda huo Sheikh Abdalla Saleh Farsy wa Unguja, ambaye naye alikuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alikwisha kuikamilisha tafsiri yake, ikatoka nzima mwaka 1969. Je, twaweza kusema kwamba Sheikh Al-Amin alishindwa? Aliipanda mche hali saa yake imekaribia, na Waswahili wakaja kuisoma Qurani kwa maana yake.

Lakini angalieni, ndugu zangu: Majmu haikukamilika yenyewe, wala Jalalain haikujiandika. Kila kazi iliyokatwa na mauti ikaendelea, iliendelea kwa sababu mbili. Ya kwanza, aliyeianza aliiacha katika hali ya kuweza kushikwa: maandishi yapo, mpango wajulikana, wanafunzi wamefundishwa. Ya pili, alipatikana mtu asiyeona haya kuumaliza mzigo ulioanzwa na mwingine, hali ajua sifa itagawanywa. Na hapa ndipo penye ugonjwa wetu. Mwalimu wetu aweka elimu yake kifuani, akifa huzikwa nayo. Mwenyekiti wa chama ashika funguo na hesabu peke yake, akiondoka chama huvunjika. Na kijana akipata uwezo hapendi kukitengeneza chuo cha zamani kilichopasuka paa. Ataka kujenga kipya chenye jina lake. Matokeo yake ni kwamba kila kizazi chaanza mwanzo, na mauti ambayo yangekata uzi mmoja tu, hukata nguo nzima.

Basi ikiwa twaamini kweli kwamba tutafa, na tuyaone matendo ya imani hiyo. Mwenye elimu na amfundishe mtu mmoja mpaka ajue ajualo yeye. Mwenye kushika amana ya wakfu au ya yatima na aandike kila kitu, mbele ya mashahidi, kama mtu atakayeitwa usiku huu. Mwenye shamba na apande, hata akiwa mkongojo ndio mguu wake wa tatu. Kwani imo katika Bukhari na Muslim kwamba chochote kiliwacho katika mti wa Muislamu, na mtu au ndege au mnyama, ni sadaka yake. Fundi na akitengeneze kiungo cha ndani ya mlango, kisichoonekana na mnunuzi, kama akitengenezavyo cha nje. Na tajiri atakaye kumkumbuka maiti wake, badala ya kuchinja ng'ombe na kuwashibisha walioshiba, na amsomeshe mtoto mmoja wa maskini mpaka ahitimu. Hiyo ni kazi ambayo maiti hawezi kuifanya na aliye hai aweza.

Na kijana aliyeuliza swali lake kwa sauti ya chini, twamjibu kwa sauti ya juu: Ni kweli utakufa, na yumkini utakufa kazi yako iko nusu. Hilo lisikuvunje mkono. Hukuulizwa kama uliimaliza dunia. Utaulizwa mche ule uliokuwa mkononi mwako uliufanya nini.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azitakase nia zetu, na azipokee kazi zetu zilizokamilika na zilizokatika, na awarehemu waliotutangulia kwa imani. Wabillahi taufiq.